Vitabu Vyote Virudi

Matangazo ya kanisani yana foleni yake, na maktaba huwa ya mwisho. Kwanza huja harusi, halafu mchango wa paa, halafu mkutano wa akina mama, na Caren anapopewa kipaza sauti watu wa Kinoo wameshaanza kutafuta viatu vya watoto chini ya viti. Ndiyo sababu alijizoesha kutia chumvi. Usipotia chumvi, nani atakusikiliza habari za vitabu saa saba kasoro, na njaa inauma?

Jumapili ya mwisho ya Julai, mwaka wa 2006, alitia chumvi ya gunia zima.

"Bwana asifiwe. Wiki hii tunahesabu vitabu," alisema. "Mnajua utaratibu. Kila mwaka kabla ya likizo ya Agosti, hakuna kitabu kinachobaki nyumbani kwa mtu. Hata kimoja. Na kuna mtoto humu ndani, anajijua, amekaa na kitabu chetu tangu mwaka jana. Wazazi, nawaambia mbele za Mungu: vitabu vyote visiporudi, maktaba itafungwa."

Hakutaja jina, wala hakuhitaji. Nusu ya kanisa iligeuza shingo kumtazama Wangu, msichana wa miaka tisa aliyekuwa amebanwa kati ya mama yake na nguzo. Wangu alizamisha kidevu ndani ya sweta mpaka yakabaki macho.

Yalikuwa maneno ya kutishia watoto tu, kama mama anavyosema atamwita polisi. Caren alikuwa ameyasahau kabla hajafika nyumbani kuwasha jiko.

Na vitabu vilirudi. Vilirudi ndani ya mifuko ya unga, ndani ya mabegi ya shule, kimoja kililetwa na bibi aliyekuwa amekitumia kuegemeza mguu wa kabati. Caren alivipokea, akavifuta, akavipiga muhuri, akavipanga. Kufikia Jumanne jioni hakikukosekana kitabu isipokuwa kile cha Wangu, chenye jalada jekundu na hadithi za wanyama. Alisimama katikati ya chumba akazungusha macho, akajiona tajiri. Alikuwa amekuja Kinoo na mume wake kutoka Siaya. Mume alikufa, mtoto wao Jackton akakua akaenda kutafuta maisha Nakuru, na kilichobaki cha kumwamsha asubuhi ni chumba hiki na kelele za watoto wa watu.

Jumatano wakaja wakaguzi wa majengo. Mwaka huo ghorofa lilikuwa limeporomoka katikati ya jiji likaua watu, na wakaguzi waliokuwa wamelala miaka yote waliamka kwa pamoja. Mzee Gichuru, mwenye jengo la maktaba, alikuwa ameongeza ghorofa la pili na la tatu juu ya nyumba ambayo baba yake aliijenga kuwa duka la kawaida. Mkaguzi alisogeza rafu moja, na nyuma yake ukaonekana ufa uliotoka darini hadi dirishani. Ungeweza kuingiza kiganja. Alitoka nje akachora msalaba mwekundu ukutani, akafunga mlango kwa mnyororo, akaondoka na ufunguo.

"Vitabu vyangu!" Caren alipiga kelele. "Niachie hata sanduku moja!"

"Madam, hii nyumba ni kaburi," mkaguzi alisema. "Hakuna mtu anaingia. Hata mimi siingii tena."

Hapo ndipo Caren alipoelewa alichojifanyia. Angekuwa mzembe kidogo, nusu ya vitabu vingekuwa vitandani na jikoni mwa watu, salama. Lakini yeye si mzembe. Kila kitabu cha maktaba ya Kinoo, isipokuwa kile cha Wangu, kilikuwa ndani, kimepangwa, kimefungiwa kwa bidii yake mwenyewe, na likizo inaanza Ijumaa.

Kesho yake alikwenda Westlands, kwenye ofisi za shirika lililokuwa limeleta vitabu hivyo na linalolipa mshahara wake mdogo. Shirika hilo lilikuwa na mpango wa likizo ulioitwa Kusoma Kiangazi. Huko ng'ambo kwa wenye mpango Agosti ni jua. Kinoo Agosti ni ukungu, kikohozi na makaa kupanda bei. Walileta hata fulana zenye picha ya jua lililovaa miwani myeusi, na watoto walizivaa juu ya masweta mawili, kamasi zikiwatoka.

Msimamizi wa mpango alikuwa Debra, msichana wa umri wa Jackton, mpole, mwenye kumsikiliza mtu mpaka mwisho.

"Pole sana, Mama Jackton," alisema. "Lakini jengo si lazima. Wafadhili wanataka kuona watoto wanasoma, basi. Mkiendelea mpaka mwisho wa likizo, nikija nao Jumamosi ya mwisho wakaona kwa macho yao, nitapata pesa ya kukodi chumba kingine hapo hapo Kinoo. Mkikwama, vitabu vitaenda Karen. Kuna kituo huko kina nafasi, kimekuwa kikiviomba."

"Karen! Huko kwa matajiri si kila nyumba ina vitabu vyake?"

"Ndivyo walivyoamua, si mimi."

"Na watoto watasoma nini mwezi huu mzima? Vitabu viko ndani."

Debra alitabasamu. "Si kuna vile viko nje na watoto? Kila maktaba huwa na vitabu vingi nje."

Caren alitazama mikono yake. "Kwetu hakuna kitabu kilicho nje ila kimoja," alisema. "Nilivirudisha."

Alirudi Kinoo akajifunga kibwebwe. Kanisa lilikuwa na semina ya vijana Agosti nzima. Shule ilikuwa imefungwa na bawabu wake hakuambilika. Aliyemwonea huruma ni Mama Anita, muuza mitumba, ambaye kibanda chake cha turubai kilitazamana na maktaba, ng'ambo ya kichochoro cha muramu, ule udongo mwekundu wa changarawe. Asubuhi Mama Anita huwa sokoni Gikomba kuchagua mali. "Keti nao mpaka nirudi," alisema. "Lakini wasinichafulie makoti."

Basi wakawa wanasoma kati ya makoti. Caren alizunguka kwa wauza nyama akaomba magazeti ya kufungia kabla hayajapata damu. Saluni walimpa magazeti ya mitindo yaliyong'olewa picha. Wakasoma pakiti za unga, kalenda za mbegu, Zaburi, na karatasi ya maelekezo ya dawa ya kupe. Norman, mvulana wa mzee wa kanisa, aliisoma hiyo ya kupe kwa sauti ya mhubiri: "Usile wala usivute sigara unaponyunyiza!" Na wenzake wakaitikia, "Amina!" Caren alicheka nao, kisha akageuka upande kwa sababu machozi yalikuwa karibu.

Maana siku hazikuwa nyingi na watoto walikuwa wanapungua. Mtoto atavumilia baridi kwa ajili ya hadithi. Kwa ajili ya pakiti ya unga, hata ungekuwa wewe, ungebaki kitandani. Wengine walitumwa kupalilia, wengine wakapelekwa kwa bibi zao ushago, mashambani. Jioni Caren alikuwa kiguu na njia, mlango kwa mlango, akiwabembeleza wazazi aliokuwa akiwakaripia mwezi uliopita. "Niletee tu huyu mmoja, mama. Asubuhi tu. Nitampa chai." Alikuwa anapika hiyo chai kwa sukari yake.

Siku moja alimkuta Mzee Gichuru amesimama chini ya jengo lake, mikono nyuma, anautazama ule msalaba mwekundu kama ameuona leo.

"Mama Jackton, hata mimi nimeumia," mzee alianza. "Wapangaji wangu wote wamehama."

"Mzee, uliongeza mawe juu ya vichwa vya watoto," Caren alimwambia.

Gichuru alikohoa, akasema Mungu atafungua njia, akaenda zake.

Mungu akichelewa, Caren alijaribu mwenyewe. Alfajiri moja, ukungu ukiwa umeziba hata nguzo za stima, alinyoosha waya wa kuanikia makoti wa Mama Anita, akaupitisha kwenye kioo cha dirisha kilichopasuka, akainama akivua vitabu kama mtu anayeopoa ndoo kisimani. Alifaulu kunasa kimoja. Kikateleza rafuni, kikaanguka sakafuni kifudifudi, kurasa zimekunjika, mbali na waya. Alihangaika nacho mpaka vidole vikafa ganzi. Yeye, mwanamke aliyewahi kumfukuza mtoto kwa kukunja pembe ya ukurasa! Kuanzia hapo kila asubuhi alichungulia dirishani akakiona palepale, na roho ikamuuma kama ameangusha mtoto.

Mwishowe akabuni njia nyingine. "Basi tutasoma vile vilivyo kichwani," aliwaambia watoto, ambao walimwita Mwalimu. Kila mmoja asimulie kitabu cha mwisho alichosoma, mwanzo mpaka mwisho, na aliyewahi kukisoma amsahihishe. Hiyo ikawashika. Waligombana kama mawakili kuhusu nani alimuuma nani, kabla ya mto au baada ya mto. Idadi ikapanda tena kidogo, na Caren akaanza kupata usingizi.

Ni Wangu peke yake asiyesimulia. Alikuja kila siku, hata siku za manyunyu, akaketi mwisho kabisa chini ya makoti ya watu wazima, na wenzake waliacha nafasi kumzunguka. Caren aliiona nafasi hiyo akadhani ni kwa ajili ya kikohozi chake. Zamu yake ilipofika alisema, "Sikumbuki."

"Umekaa na kitabu mwaka mzima halafu hukumbuki?" Caren alimvuta pembeni siku ile, ulimi ukiwa mkali kwa uchovu. "Kiko wapi?"

"Kwa shosho. Kinangop. Nilikisahau Krismasi."

Caren alijua Kinangop kwa bibi yake ni mbali. Alifikiria jalada jekundu, kurasa halisi, sauti ya mtoto mbele ya wafadhili akisoma kitabu halisi badala ya dawa ya kupe. "Hicho kimoja tu, Wangu," alisema. "Hicho kimoja kingetuokoa."

Wangu akaitikia kwa kichwa. Tangu siku hiyo hakuonekana tena. Caren akajilaumu kwamba amemfukuza na huyu, kisha akasahau, kwa sababu Jumamosi ya mwisho ilikuwa imefika.

Siku hiyo walijaa. Wale wa ushago walikuwa wamerudi, wazazi wamewapaka mafuta, fulana za jua lenye miwani zimefuliwa. Norman alikuwa na hadithi yake, wadogo walikuwa na Zaburi. Caren aliwahesabu kwa macho, akahisi kitu ambacho hakukihisi mwezi mzima: kwamba huenda wakapona.

Saa nne ikaja mvua. Si manyunyu ya Agosti waliyoyazoea. Hii ilikuwa mvua ya Aprili iliyopotea njia. Turubai la Mama Anita lilijaa tumbo la maji, likainama, likapasuka kwenye mlingoti, na maji yote yakamwagika juu ya watoto na makoti. Watoto walipiga mayowe wakakimbia. Na mtoto wa Kinoo akinyeshewa na mvua kwenye kichochoro kile, anakimbilia wapi? Pale alipokimbilia siku zote. Walivuka muramu kwa mkupuo mmoja wakajibana ukutani kwa maktaba, chini ya upenu wake, chini ya ule msalaba mwekundu, magazeti vichwani.

"Tokeni hapo!" Caren alikuwa anapiga kelele, ameloa chapachapa, anawavuta wawili wawili kwa mikono. "Tokeni! Norman, watoe!" Akimtoa mmoja, wawili wanarudi. Walikuwa wanacheka. Kwao ilikuwa ni maktaba tu.

Gari jeupe lilikunja kona wakati huohuo. Wageni wawili walikuwa kiti cha nyuma, na Debra mbele. Mmoja wa wageni aliushika mdomo wake. Walichokiona ni jengo lenye ufa, alama ya kubomolewa, na watoto wa mpango wao wamepangwa ukutani kama magunia, Mwalimu wao yuko nao palepale.

Debra alishuka mvuani bila mwavuli. Alimsaidia Caren kuwavusha watoto wote mpaka kwenye kibaraza cha bucha.

"Ni mvua, Debra mwanangu," Caren alisema. "Tulikuwa kule. Mwezi mzima tumekuwa kule. Uliza mtu yeyote."

"Mimi nakuamini," Debra alisema, na alikuwa analia au ilikuwa mvua. "Lakini wao wameona kwa macho yao."

Lori lilikuja Jumatatu. Mkaguzi aliufungua mnyororo, wanaume wawili wenye kofia ngumu wakaingia haraka, wakatoka na masanduku, wakaingia tena. Debra aliomba Caren asimame karibu na lori kuhakikisha hakuna kinachoachwa, kwa kuwa hakuna aliyevijua vitabu hivyo kuliko yeye. Alisimama. Aliviona vikipita kimoja kimoja, akavitambua kwa migongo. Hata kile alichokiangusha kwa waya kilipita, kurasa zake zimekunjika hivyohivyo. Mara mbili mkono wake ulisogea, mara mbili ukarudi. Maisha yake yote hakuwahi kuondoka na kitabu bila kukiandikisha, na mkono ulikataa kujifunza wizi siku ya mwisho.

Sanduku la mwisho lilikuwa bado wazi wakati pikapu ya kabichi iliposimama barabarani. Akashuka Wangu. Alikuwa na buti za shambani zenye matope ya nchi nyingine, na kifuani amekumbatia kitu kilichofungwa kwa karatasi ya nailoni. Alikimbia kichochoro chote.

"Mwalimu! Nimekileta!"

Alikifungua mwenyewe. Jalada lilikuwa jekundu vilevile. Lilinuka moshi wa jikoni kwa shosho.

"Umekwenda mpaka Kinangop?" Caren alipiga magoti kwenye muramu. "Nani alikutuma?"

"Nilimwomba anko anipeleke na gari ya kabeji. Alikuwa anarudi leo tu, ndiyo nimechelewa." Wangu alikuwa anahema. "Si ulisema, Mwalimu? Kanisani. Vitabu vyote visiporudi maktaba itafungwa. Na vyote vilirudi, ilibaki tu kitabu yangu. Wote wanajua ni mimi nilifanya ifungwe. Hata Norman anajua."

Caren akakumbuka. Ile nafasi waliyomwachia chini ya makoti. Ule ukimya. Mwezi mzima mtoto huyu alikuwa ameketi kwenye baridi akibeba jengo zima mabegani, na aliyembebesha ni yeye, kwa chumvi yake.

"Wangu, si wewe. Nisikilize. Ni ukuta. Tazama ukuta ule."

Wangu aliutazama ukuta kwa adabu, kama mtoto anavyomtazama mtu mzima anayejaribu kumfichia aibu yake. Hakuamini hata kidogo.

"Mama Jackton," Debra aliita kutoka kwenye lori, utepe wa kufungia mkononi. "Kuna kingine?"

Caren alikiangalia kitabu. Kimoja. Watoto kumi na wawili wanaweza kuketi kukizunguka kitabu kimoja. Kesho asubuhi, kibandani, Wangu mwenyewe angewasomea, na wote wangesikia kutoka kinywani mwa Mwalimu kwamba hakukosa lolote. Mkono uliokataa asubuhi nzima ukakubali. Alikisukuma kitabu chini ya sweta, akakibana na tumbo.

"Hakuna," alisema. "Vimekwisha."

Wangu alishtuka, uso ukamkunjamana kwa hofu. Alimtazama Mwalimu, akalitazama lori, akaona kila kitu kinaharibika tena mbele ya macho yake, kwa kitabu kilekile.

"Kiko! Auntie, kiko kingine!" alipiga kelele akimkimbilia Debra. "Mwalimu anacho! Amesahau tu!"

Debra alikuja polepole. Alinyoosha mkono huku akitazama pembeni, na Caren akakitoa kitabu chini ya sweta, chenye joto la tumbo lake, akakikabidhi.

"Asante, mtoto mzuri," Debra alimwambia Wangu. Akakilaza juu ya vingine, akafunga sanduku, akalibandika utepe. Lori likanguruma, likapinda kona, likashika barabara kuu.

Caren alikuwa bado magotini. Wangu alisimama kando yake akilitazama lori mpaka likapotea, na kwa mara ya kwanza mwezi ule uso wake ulikuwa umekunjuka, kidevu kimetoka ndani ya sweta.

"Vinaenda kuhesabiwa, eh?" aliuliza. "Sasa vyote vimerudi." Akaweka mkono wake mdogo begani kwa Mwalimu. "Wakimaliza kuhesabu, tukuje saa ngapi?"